Shahada ya Muziki na Ngoma za 56

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi wa Kawangware 56 na wageni wao kutoka Kibera, Nairobi



Nimeletewa swali moja nilijibu. Ni lile ambalo mzazi wa mtaa huu hulitoa mtoto wake anapotaja kozi ya muziki: utaenda kusomea nini huko chuo kikuu ambacho hapa hukipati bure kila Jumapili? Mzazi huyo ana haki ya kuuliza. Jumapili asubuhi Barabara ya Naivasha haipitiki kimya. Waumini wa African Israel Nineveh Church wanapita na bendera, kanzu nyeupe, vilemba na ngoma. Kwaya za kanisa la Friends zinaimba sauti nne. Kijana aliyejifunza kibodi peke yake anahangaika na spika inayokoroma. Ukivuka kwenda Kibera utakuta orutu, utakuta nyatiti, ala za nyuzi za Waluo, na palipo na harusi ya Wanubi utakuta kina mama wakicheza doluka. Mtoto aliyekulia katikati ya haya yote hajakosa muziki.

Jibu langu nalitoa mapema ili msilingoje. Chuo kikuu hakimpi mtu muziki. Kinampa uwezo wa kuueleza, wa kuupiga mbele ya watu wasiomjua, na wa kuudai ukichukuliwa. Ila nina sharti: kianze na muziki alionao mtoto anapoingia getini. Kama kitamvua huo kwanza ndipo kimfundishe, mzazi abaki na karo yake.

Kabla ya hoja zenyewe, historia kidogo, maana kuna wanaodhani somo hili lilianza juzi. Wimbo wetu wa Taifa ulitayarishwa mwaka 1963 na jopo la watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliuchukua wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, wakaupangia sauti, na ndio tunaousimamia hadi leo. Omondi baadaye alipata shahada ya uzamivu London kwa utafiti wa thum, muziki wa nyatiti wa Waluo. Senoga-Zake alitoa kitabu chake cha muziki wa kiasili wa Kenya mwaka 1986. Katika Taasisi ya Mafunzo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Nairobi, P. N. Kavyu alichapisha utangulizi wa muziki wa Wakamba mwaka 1977. Kenyatta, Maseno, Moi, Kabarak na Technical University of Kenya zote zimefundisha muziki. Tume ya Rais ya muziki, iliyoongozwa na huyo huyo Omondi, ilitoa ripoti mwaka 1984, na mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka uliofuata, muziki ukafundishwa na kutahiniwa shule za msingi. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaondolewa kwenye mtihani wa KCPE. Kisichotahiniwa Kenya hakifundishwi, mnajua. Kipindi cha muziki kikawa cha hesabu, na vinanda vikabaki kabatini kula vumbi.

Hoja ya kwanza: nadharia iko hapa tayari.

Watu wengi wakisikia neno nadharia huona mistari mitano na vichwa vya noti. Naomba tuifanye kwa mikono. Walio kulia kwangu, hesabuni moja hadi sita, kisha mrudie bila kukatika, na mpige kofi penye moja na penye nne. Walio kushoto, hesabu ni hiyo hiyo na mwendo ni huo huo, ila nyinyi pigeni penye moja, penye tatu na penye tano. Polepole. Mama mwenye leso ya kijani, usimfuate jirani yako, fuata hesabu. [Makofi.] Endeleeni. Sasa nyamazisheni midomo, mikono iendelee.

Asanteni. Hakuna aliyepotea, na hamkufanya mazoezi. Mwanafunzi aliyeanza na kitabu cha piano anaweza kulihangaikia jambo hili wiki nzima, mkono mmoja mbili, mkono mwingine tatu. Lakini mlisikia kilichotoka katikati ya ukumbi? Makofi yalianguka penye moja, tatu, nne na tano. Upande wa kulia haukupiga hivyo, wala wa kushoto. Mdundo huo haukuwa mkononi mwa mtu yeyote, na bado kila mtu aliusikia na kila bega lilitaka kuufuata. Mtu anayeweza kueleza ulitoka wapi, akaubadilisha kwa kusogeza kofi moja tu, huyo anafanya nadharia ya muziki.

Sasa chukueni isukuti ya Waisukha na Waidakho. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na wenyewe huzitaja kama baba, mama na mtoto. Kuna chuma, kuna filimbi, kuna pembe. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza mchezo huo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni unaohitaji kulindwa kwa haraka. Unapousikiliza, ngoma moja inashika mwendo, nyingine inaijibu, nyingine inazungumza juu yao. Mwalimu akitaka kuuandika ataweka alama ya sita kwa nane, kisha atachora mistari ya kugawa vipimo, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Karatasi inasema mwanzo uko hapa. Bega la mchezaji linasema uko pale. Mwanafunzi mzuri hapaswi kuitupa karatasi, na hapaswi kulitupa bega. Anatakiwa ajue ni wapi karatasi inadanganya, aweke alama, aandike sababu. Kazi hiyo ni ngumu kuliko mitihani mingi niliyowahi kusahihisha.

Walimu wa kwaya, nawaona mnanong'onezana kuhusu solfa. Solfa ililetwa na misheni, na imewatumikia. Friends walifika Kaimosi mwaka 1902, na mpaka leo wajukuu wa waumini wale wanasoma do, re, mi kwenye karatasi za fotokopi hapa 56 na kuimba soprano, alto, teno na besi bila kinanda. Ni elimu kubwa, msiidharau. Upungufu wake ni kwamba inaandika sauti vizuri na ngoma vibaya, kwa hiyo kwaya iliyosoma solfa tu huweka ngoma mwishoni, kama chumvi. [Kicheko.]

Kuna mfano mwingine ambao siwezi kuupita nikiwa mbele ya watu wa magharibi mwa Kenya: gita la omutibo. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alilipiga gita kavu kwa vidole viwili. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, hakisimami. Kidole cha shahada kinadokoa nyuzi nyembamba, mara nyingi katikati ya hatua za kidole gumba. Hapo sauti ni mbili tayari, na mtu bado hajafungua mdomo kuimba. Pembeni yuko mwenzake ameshika chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mikunjo shingoni, anaikwaruza kwa chuma. Wakongo walichangia: rekodi za Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo zilisikika sana Kenya, na wote wawili walifika Nairobi. Lakini vijana wa magharibi hawakunakili tu. Waliyasikia yale magita kwa masikio yaliyozoea litungu, ala ya nyuzi ya kwao, wakapata kitu chao. John Low aliandika historia ya gita la Kenya kutoka 1945 hadi 1980 katika jarida la African Music mwaka 1982, na mtu akitaka kuanza, aanzie hapo.

Mwanafunzi atakayeziandika sauti hizo mbili za gita, akaonyesha lini zinakimbiana na lini zinakutana, amesoma jambo lile lile ambalo Wajerumani walilisoma kwa Bach. Bach sina ugomvi naye. Nataka tu asiwe mlango pekee wa kuingilia.

Hoja ya pili inahusu upigaji, na hapa nitasema wazi kwa sababu jambo lenyewe ni la mtaa na mtaa.

Kutoka hapa hadi Lavington ni mwendo wa miguu. Mtoto wa kule ana piano sebuleni na mwalimu anayemjia nyumbani, na anafanya mitihani ya madaraja, la kwanza hadi la nane, inayotoka kwa bodi ya London. Ni mitihani mizuri. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa mwaka 1944, imewatayarishia watoto wengi mitihani hiyo. Mtoto wa huku amejifunzia kibodi ya kanisa, saa ambazo mzee wa kanisa amekubali kumwachia ufunguo. Wote wawili wanaomba nafasi ya shahada. Wote wanahitaji C+ ya KCSE, na wote wanaweza kuitwa kupiga mbele ya jopo. Wanawekewa karatasi wasiyoijua wasome na kupiga papo hapo. Wa kwanza anapiga. Wa pili anaitazama.

Mimi ningependa jopo liendelee na jaribio la pili. Liwakalishe wote wawili, kisha limlete mama wa kanisani aanzishe pambio kwa sauti iliyomjia asubuhi hiyo, bila kutaja ufunguo, bila kuhesabu moja mbili. [Kicheko na makofi.] Mnajua nani atamdaka kabla ya mstari wa pili, na nani atakuwa bado anatafuta noti. Sikio la namna hiyo, linaloshika ufunguo wowote na kumfuata mwimbaji anapopandisha, halina cheti popote nchini. Ni ujuzi wa kitaaluma. Wanaolipwa studioni hulipwa kwa huo.

Mtihani wa KCSE wenyewe una karatasi tatu, ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia, kwa hiyo wazo kwamba sikio ni sehemu ya elimu halihitaji kutetewa. Linalohitaji kutetewa ni sikio la nani. Mantle Hood, kule California, aliandika mwaka 1960 kwamba anayesoma muziki wa watu wengine lazima ajifunze kuupiga, asikae pembeni na daftari. Kwabena Nketia wa Ghana alijenga masomo ambayo ngoma iliingia darasani kama somo kamili. Makerere walianzisha idara ya muziki, dansi na drama mwaka 1971. Hapa kwetu nyatiti yenye nyuzi nane inafundishwa, ngoma zinafundishwa, lakini tazameni nani anafundisha. Kanuni za vyuo zinataka shahada ya uzamivu ili mtu awe mhadhiri. Mzee aliyeipiga isukuti maisha yake yote anaweza kuitwa siku moja kuonyesha, akapewa nauli na soda. Mtu aliyeandika tasnifu kumhusu yule mzee anapata ofisi. Nami nina ofisi kama hiyo, kwa hiyo msidhani nanyooshea wengine kidole. Nasema vyuo vibuni cheo cha fundi mwalimu, chenye mkataba, chenye mshahara, kisichouliza shahada. Eriko Mukoyama alitoka Japani akaenda Siaya kukaa na wazee mpaka akaijua nyatiti, akajulikana duniani kama Anyango. Alikuwa mwanamke, tena mgeni, katika ala iliyohesabiwa kuwa ya wanaume. Wazee walimfundisha. Mwanafunzi wa Nairobi hahitaji hata pasipoti.

Hoja ya tatu: muziki wa vijana ni somo, na wenye muziki huo wana mali.

Najua kuna wazee hapa ambao wakisikia gengetone hufunga dirisha. Siwalaumu. Mwenyewe kuna nyimbo nazizima matatuni kama dereva atakubali, na huwa hakubali. Lakini kusoma jambo si kulibariki. Mtafiti anauliza: wimbo huu umetoka wapi, umelipiwa na nani, kwa nini unachezwa mpaka kaburini? Mwaka 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable", na kabla ya mwaka kwisha wimbo wa vijana wawili ulikuwa umekuwa silaha ya siasa ya uchaguzi. Joyce Nyairo na James Ogude waliuchambua katika jarida la African Affairs mwaka 2005. Mwenda Ntarangwi aliandika kitabu kuhusu hip hop ya Afrika Mashariki mwaka 2009, kisha kingine mwaka 2016 kuhusu hip hop na Ukristo Kenya, ambamo Juliani wa Dandora ana nafasi kubwa. Octopizzo wa Kibera ameifanya Namba Nane, njia ya matatu ya mtaani kwao, kuwa jina linalojulikana mbali. Haya ni masuala ya chuo kikuu kama yalivyo mashairi ya Muyaka.

Na kanisa msilisahau mnapotaja utamaduni pendwa. Jean Ngoya Kidula, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alichapisha mwaka 2013 kitabu kizima kuhusu nyimbo za dini za Walogooli. Ndiyo, Walogooli, hawa hawa wenye vibanda pale stejini. Anaonyesha jinsi nyimbo za kitabu zilizoletwa na wamisheni zilivyoishi pamoja na nyimbo za Roho. Zakayo Kivuli alipoanzisha kanisa la Nineveh mwaka 1942, ngoma na maandamano ya barabarani vilikuwa sehemu ya ibada. Kwa hiyo yale mapito ya Jumapili Barabara ya Naivasha yana maandishi yake kwenye maktaba za Ulaya na Marekani, na mtoto anayeyapita kwenda kununua mandazi hajaambiwa.

Sasa mali. "Malaika" ni wimbo ambao kila mmoja hapa anaujua. Fadhili William aliurekodi Nairobi. Miriam Makeba akauimba duniani kote, Boney M wakautoa mwaka 1981. Ukiuliza nani aliutunga utasikia Fadhili William, na utasikia pia Adam Salim wa Tanzania, na ubishi huo umewazika wahusika. Sichagui upande. Naonyesha kinachotokea wimbo unapozaliwa bila karatasi: bila tarehe, bila noti, bila jina la mtunzi kwenye usajili, wimbo unazunguka dunia na jina la mwenyewe linabaki ni mjadala wa baa. Kijana wa 56 anayetengeneza biti kwenye laptopu ya kuazima na kumpa msanii kwa maneno ya mdomo yuko mahali pale pale walipokuwa kina Fadhili. Kozi ya muziki isiyofundisha hakimiliki, mkataba na jinsi ya kusajili kazi imeacha mwanafunzi nusu njia. Ningeifanya ya lazima mwaka wa kwanza, kabla ya harmonia.

Kuna mali ya aina nyingine, rekodi za kale. Hugh Tracey alipita Kenya mwaka 1950 akinasa nyimbo, na sauti hizo zikahifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki iliyoko sasa Chuo Kikuu cha Rhodes. Miongoni mwake ni "Chemirocha" ya wasichana wa Kipsigis. Mwaka 2014 nakala zilirudishwa kwa wenyewe, kwa msaada wa Tabu Osusa na Ketebul Music wa hapa Nairobi, na baadhi ya wazee walikuwa bado hai kusikia sauti za ujana wao. Zaidi ya miaka sitini ilipita katikati. Wangapi walikufa bila kusikia?

Hoja ya nne ni fupi: kazi. Mzazi, sitakudanganya. Shahada ya muziki haina ajira inayomngoja mtu mlangoni. Wapo wanaofundisha, wapo kwenye bendi za polisi na jeshi, Bomas of Kenya, redioni, studioni, makanisani. Wengi huunganisha kazi mbili au tatu. Lakini mwenye shahada ya biashara hapa mtaani naye anaunganisha tatu, tofauti ni kwamba yeye hukumuuliza.

Yaliyo mbele yetu yana haraka. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wameingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu wanazochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi anayetaka mtoto apite njia hiyo aulize shule mapema kama ina mwalimu wa muziki na ala zozote, maana jina la njia kwenye karatasi halipigi ngoma. Vyuo navyo vijiandae: hao watafika kuanzia 2029, na wengine watafika na isukuti badala ya piano. Jopo likubali ala hiyo kwenye usaili, na liwe na mtu anayejua kuipima.

Kwa upande wetu, nimekuja na jambo tunaloweza kulianza likizo hii. Kuna karatasi mezani karibu na mlango. Anayemjua mpiga ngoma, mpiga litungu, mpiga gita wa omutibo au mama anayeanzisha nyimbo za doluka aandike jina lake, kama mwenyewe ameridhia, na siku anayopatikana. Wanafunzi watakuja na vinasa sauti. Kila atakayepiga atasaini na kubaki na haki yake kwa maandishi, atalipwa kwa siku yake, na nakala ya kila kilichonaswa itaachwa hapa ukumbini kabla ile ya chuo haijatoka. Vijana wawili watatu wa hapa wanaojua kompyuta watafundishwa kuitunza.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Naona mwalimu wa kwaya amekwisha simama, na nadhani ni ile habari ya chumvi.